Kozi ya friji na viyoyozi: maoni ya mzazi

Nilikuwa na lori langu, nikipakia Changamwe, Mombasa. Makontena yalipoanza kupanda treni ya SGR, safari zikakauka mpaka nikaliuza. Kwa hivyo kijana alipomaliza kidato cha nne, habari ya udereva sikuigusa.

Nikampeleka chuo kimoja huko Majengo, miezi sita. Mwalimu ni fundi hasa, si wa ubaoni tu. Wiki ya pili walishaipasua kompresa waone pistoni inavyosukuma gesi. Mtoto alirudi vidole vimebabuka kwa kuchomelea bomba la shaba, anacheka peke yake. Hapo heko.

Lakini jamani, mtungi mmoja wa gesi kwa wanafunzi ishirini na wawili! Ukiisha, wanakariri daftari. Na vile viyoyozi vya inveta, vinavyobadili kasi ya kompresa vyenyewe, ambavyo wenye nyumba Nyali ndivyo wanavyotaka siku hizi, hawakugusa hata kimoja. Amevijulia kwa fundi wa mtaani, kwa kumbebea ngazi. Ada ya mtihani nayo waliitaja mwezi wa tano wa kozi, mfuko ushatoboka.

Binti yangu anataka umeme wa jua. Nitarudi palepale, ila safari hii naingia karakana kwanza, ofisini baadaye.