Kufuli la chuma au la nailoni kwenye swichi kuu?
Fundi anayeingiza mkono kwenye mashine ya kukamua alizeti, iwe Dodoma au Singida, hana budi kwanza kuzima umeme na kuifunga swichi kuu kwa kufuli ambalo ufunguo wake anao yeye peke yake. Kufuli la chuma hustahimili kugongwa na hupatikana madukani kwa urahisi, lakini upinde wake, ile sehemu iliyopinda inayofunga, hupitisha umeme, na vumbi la mashudu lililochanganyika na mafuta huganda ndani ya tundu la ufunguo. La nailoni lenye upinde usiopitisha umeme ni jepesi na rangi yake kali huonekana kwa mbali, ingawa jua kali hulidhoofisha likikaa nje muda mrefu. Kwenye paneli ya umeme iliyo ndani ningechagua la nailoni. Kwenye vali ya nje, yaani koki ya bomba ambayo nayo hufungwa kwa kufuli, la chuma.