Masomo ya piano Raskazone, Tanga: mwalimu kijana asiyemkimbiza mtoto kwenye mtihani

Mzazi anayetaka mwanawe ajifunze piano ya kiklasiki mjini Tanga hana milango mingi ya kubisha. Vinanda havikosekani, lakini vingi ni vya kanisani au vya bendi, vyenye vibonyezo 61 na kitufe cha midundo ambacho kikishabonywa, ngoma na besi hujipiga zenyewe, na mkono wa kushoto wa mpigaji hubaki umeshikilia sauti mbili tatu tu. Kwa sababu hiyo darasa dogo lililofunguliwa Raskazone, katika chumba cha mbele cha nyumba ya familia, na mwalimu ambaye bado hajafikisha miaka thelathini, linastahili kuandikiwa kwa kirefu. Binti yangu anasoma hapo tangu mwaka jana. Hukumu yangu ni kwamba darasa hili linamfaa sana mtoto ambaye mzazi wake ana subira, na halimfai hata kidogo mzazi anayetaka cheti cha kutundika ukutani kabla ya mwaka kwisha.

Mafunzo ya mwalimu mwenyewe yanaeleza mengi kuhusu namna anavyofundisha. Alilelewa katika kwaya, akasoma solfa, yaani kuimba kwa do-re-mi, kabla hajaijua mistari mitano ya nota, na alipomaliza sekondari akavuka kwenda Unguja kusoma Dhow Countries Music Academy, chuo kilichoanzishwa mwaka 2002 ambako taarabu na muziki wa Kizungu hufundishwa chini ya paa moja. Huko alipiga piano asubuhi na jioni akakaa pamoja na wapiga udi na kanuni, ala mbili za nyuzi za taarabu, akisikiliza maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, ambayo baadhi yake hudai sauti zilizo katikati ya vibonyezo viwili, sauti ambazo piano haina kabisa. Ameniambia kwamba kukaa na wazee wale ndiko kulikomzoesha kusikiliza kabla ya kupiga, na anayemtazama akifundisha haoni shaka juu ya hilo. Baadaye aliendelea na mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza iliyoundwa mwaka 1889, hadi akamaliza Gredi ya 8, ambayo ndiyo ya mwisho katika ngazi za kawaida za upigaji.

Majuma ya mwanzo hayana kitabu. Mtoto huimba, hupiga makofi, hutembea kwa mwendo wa wimbo, kisha hutafuta kwa kidole kimoja wimbo anaoujua tayari, uwe kaswida, wimbo wa shule au wa kanisani, na akishaupata hutakiwa auanzishe kutoka kibonyezo kingine na kuusahihisha kwa sikio. Wazazi wengine hulalamika kwamba wanalipia nyimbo ambazo mtoto angeziimba nyumbani bure. Mimi naona hapo ndipo thamani ya ada ilipo, kwa sababu mtoto anayesikia kosa lake mwenyewe hahitaji mtu wa kumsimamia kila anapofanya mazoezi. Watoto wa Tanga waliokulia katika maulidi na kwaya huja na sikio lililonolewa vizuri, na mwalimu asiyelitumia sikio hilo huwarudisha nyuma bila sababu.

Nota huja baadaye, na zinapokuja huja kwa ukali. Kitabu anachokitegemea ni Mikrokosmos cha Béla Bartók, mtunzi wa Hungaria aliyeandika vipande 153 katika majuzuu sita, vikianza na vile ambavyo mikono yote miwili hupiga sauti zilezile kwa vidole vitano visivyohama, na kupanda polepole hadi vinavyowatoa jasho wapigaji wa jukwaani. Uteuzi huu ni wa busara. Katika vitabu vingi vya wanaoanza, mkono wa kulia hubeba wimbo na wa kushoto husindikiza tu, na hilo humfanya mtoto aliyezoea kinanda cha midundo abaki palepale alipokuwa. Kwa Bartók mkono wa kushoto una kazi yake tangu ukurasa wa kwanza. Vijana wanaotoka kwenye vinanda vya kanisa, ambao wengine hupiga ibada nzima bila karatasi, huona aibu kidogo kurudishwa kwenye vipande vya sauti tano, lakini mwalimu hawadharau: huwaacha wapige wanachokijua, kisha huwaomba wakirudie bila midundo na mkono wa kushoto ukitembea peke yake. Hapo kila mmoja hujiona mwenyewe alipo.

Kuhusu mwili, anafundisha kwamba sauti hutokana na uzito wa mkono mzima unaoachiwa ushuke, wala si na kidole kinachogonga. Bega likipanda, anasimamisha kipindi. Mtoto akisema kidole kinamuuma, mazoezi huisha siku hiyo, bila mjadala, na wakubwa kidogo husimuliwa habari za Robert Schumann, aliyelazimika kuacha ndoto ya kuwa mpiga piano wa jukwaani baada ya mkono wake wa kulia kuharibika akiwa kijana. Mazoezi ya nyumbani hutolewa kwa vipande vidogo: mistari miwili, mkono mmoja mmoja, polepole kiasi cha kutokosea, na mara nyingi kuanzia mwisho wa wimbo kurudi mwanzo, ili sehemu ya mwisho isiwe ndiyo iliyozoewa kidogo kuliko zote. Dakika ishirini kila siku humtosha mtoto wa umri wa binti yangu. Mzazi mmoja alipomwuliza kwa nini hasemi saa nzima, alimjibu kwa adabu, “Shikamoo mama, saa nzima atakaa, lakini atakuwa anasikiliza kweli?”

Sasa mtihani. Katika mtihani wa kawaida wa ABRSM mwanafunzi hupiga vipande vitatu, hupiga skeli (ngazi za sauti zinazopanda na kushuka), husoma nota asizowahi kuziona na hujibu maswali ya sikio, yote kwa jumla ya alama 150, na kufaulu huanzia alama 100. Tangu mwaka 2020 kuna pia gredi za upigaji peke yake, ambapo vipande vinne hurekodiwa kwa video mfululizo bila kukata na kutumwa kupitia intaneti, jambo ambalo limewapunguzia wanafunzi wa mikoani safari ya Dar es Salaam. Mwalimu wetu anazijua njia zote mbili na ameshawaandaa watoto kadhaa, lakini hamwandikishi yeyote kabla hajawa na akiba ya vipande vingi zaidi ya vile vinavyotakiwa. Anasema mtoto anayekaa mwaka mzima na vipande vitatu vya mtihani hufaulu kisha hana cha kupiga mgeni anapokuja nyumbani. Nakubaliana naye, ingawa najua wapo wazazi walioondoka kwa sababu hiyo hiyo, na siwalaumu, maana cheti nacho kina kazi yake kwa kijana anayetaka kuendelea na muziki chuoni.

Kasoro zipo. Piano ya mbao iliyopo darasani ni nzee, na hewa ya Raskazone, yenye unyevu na chumvi, haiihurumii: ubao wa sauti huvimba wakati wa masika, sauti za katikati hupanda kidogo, nyuzi huanza kutu, na fundi wa kutuni, yaani wa kurekebisha sauti za nyuzi, si mtu anayepatikana Tanga kila ukimhitaji. Kwa miezi kadhaa kibonyezo kimoja cha juu kilikuwa kinakwama kila mara, na watoto wakazoea kukiruka, jambo baya katika darasa linalosifu sikio. Kuna pia piano ya umeme inayotumika zamu kwa zamu, nayo ni nzuri, ila umeme ukikatika hubaki ile ya mbao peke yake. Taarifa kwa wazazi ni haba mno. Mwalimu huandika katika daftari la mtoto mambo ambayo mtoto tu ndiye anayeyaelewa, na mzazi asiyeuliza anaweza kumaliza muhula bila kujua mwanawe amefika wapi. Watu wazima hupangiwa Jumamosi asubuhi pekee, na nafasi zao hujaa upesi.

Ada ni shilingi 80,000 kwa mwezi kwa vipindi vinne vya dakika 45, mtoto mmoja mmoja. Kwa mfuko wa Tanga si ndogo, lakini kipindi hakipunguzwi hata dakika, na kilichoahirishwa na mwalimu hufidiwa juma linalofuata bila kukumbushwa. Mtoto akikosa bila taarifa, kipindi kimekwenda.

Anayefikiria kumwandikisha mwanawe asikimbilie kununua chombo kabla ya kuzungumza na mwalimu. Piano ya umeme yenye vibonyezo 88 vyenye uzito, vizito kidoleni kama vya piano ya mbao, ndiyo anayoipendekeza kwa nyumba za pwani, kwa kuwa haihitaji kutuniwa, lakini kwa miezi ya mwanzo hukubali hata kinanda cha vibonyezo 61, mradi mtoto aahidi kutoshika kitufe cha midundo. Muhula mpya huanza pamoja na wa shule za msingi, na mtoto hupokewa kuanzia umri wa miaka sita, baada ya kipindi kimoja cha majaribio kisicholipiwa.