Majani mazuri, viungo vimelala: uzoefu wangu na chai ya pakiti yenye viungo

Pakiti ni ya gramu 250, majani ya chai yaliyokwisha kuchanganywa na viungo. Nimeinunua duka la jumla hapa Mtwara mjini kwa shilingi 7,000. Jina la kampuni nalihifadhi, maana lawama zangu zinahusu nusu ya kilichomo. Nusu nyingine ni chai nzuri hasa.

Nianze na hiyo nzuri. Haya si yale majani ya punjepunje tuliyozoea, yanayotoa rangi kabla hujafungua mkebe wa sukari. Yale hupondwa, huchanwa na kusokotwa na mashine kiwandani, ndiyo maana hukolea upesi na kuwa machungu upesi vilevile. Haya yamesokotwa yakiwa mazima, na ukiyamwagia maji ya moto unayaona yakifunguka moja moja. Pakiti inasema yametoka nyanda za juu kusini, na mimi sibishi (huku kwetu pwani kinachoota uani ni mchaichai tu). Yanataka dakika nne hadi tano. Rangi inatoka ya shaba, na ukinywa bila maziwa hayaachi ukakasi ulimini. Mama mkwe, ambaye kwake chai ya rangi bila giza la kutosha ni maji ya kunawia, alikunywa kikombe cha pili bila kukaribishwa.

Tatizo ni viungo. Vyote vimesagwa unga: iliki, mdalasini, karafuu, tangawizi, pilipili manga. Siku ya kufungua harufu inajaa nyumba nzima. Baada ya muda, kwa joto na unyevu huu wa baharini, unabaki na vumbi la kahawia linalopenya chujio na kutuama chini ya kikombe. Harufu ya kiungo imo kwenye mafuta yake, na kikishasagwa mafuta hayakai. Halafu kuna jambo kubwa zaidi ya hilo: viungo vinapenda moto mrefu, majani hayapendi. Ukichemsha hadi viungo vitoe ladha, majani yameshatoa uchungu wote. Ukiwahi kuepua, unakunywa chai iliyonusishwa iliki. Kuvitia pakiti moja ni kuvifungisha ndoa ya mkeka.

Kwa hiyo pakiti iliyobaki niliipitisha kwenye chekeche. Unga ukashuka, nikautia kwenye maandazi, na majani nikayahifadhi kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana. Viungo nanunua vizima soko kuu, tena kidogo kidogo. Karafuu naibonyeza kichwani kwa ukucha. Ikiacha mafuta, nachukua. Isiyoacha kitu nairudisha, hata muuzaji akinuna. Aliye jirani yake alinionyesha njia nyingine: aliitupia karafuu kwenye kikombe cha maji. "Ona dada, inayosimama au kuzama ina mafuta. Hii iliyolala ubavu imeshakamuliwa." Iliki nataka ya kijani, na nikiipasua mbegu ziwe nyeusi zenye kunata. Mdalasini wa magamba manene mekundu ni mkali na unatawala sufuria nzima. Ule mwembamba uliojikunja tabaka kwa tabaka ni mpole zaidi, ila bei yake iko juu.

Ninavyopika: vikombe vinne vya maji, iliki tano zilizopondwa kidogo kwenye kinu, karafuu mbili tu, kijiti cha mdalasini na tangawizi mbichi kipande cha kidole gumba. Pilipili manga punje tatu nne, kama kuna mafua nyumbani. Vichemke dakika kumi, sufuria ikiwa imefunikwa. Epua. Ndipo unatia majani vijiko vitatu vya chai, unafunika tena dakika nne, unachuja. Maji yawe ya bomba au ya mvua. Ya kisima chenye chumvichumvi yanaua chai hata uweke majani ya namna gani.

Kwa wa maziwa: ng'ombe huku kusini si wengi, mara nyingi natumia ya unga. Nayakoroga kwanza kwenye kikombe kwa maji ya uvuguvugu yasigande mabonge, kisha nayaunga mwishoni. Ukibahatika kupata maziwa mabichi, usiyatie sufuriani pamoja na tangawizi mbichi. Ina kimeng'enya kinachokata maziwa, na mpaka ichemke vizuri kwenye maji ndipo kinapoisha nguvu. Wengi hulaumu muuza maziwa bure.

Pakiti hii nampendekezea nani? Anayeishi peke yake, anayesafiri, au asiye na kinu wala muda, aimalize mapema kabla haijapoa harufu. Kwa nyumba ya watu wengi naona ni kulipia vumbi. Nilipouliza kama majani hayohayo yanauzwa bila viungo, mwenye duka akasema alishayaleta zamani, lakini hayakutoka. Wateja wanavutwa na picha ya iliki kwenye karatasi. Ameniahidi gramu 500 mzigo ujao, kwa sharti nilipe nusu mapema. Nimelipa.