Kilomita 2,400 kwa Toyota Hilux ya mwaka 1994

Pikapu ninayoitathmini ni Toyota Hilux ya kizazi cha tano, kizazi kilichoanza kuuzwa mwaka 1988, yenye injini ya dizeli iitwayo 3L (ni jina tu, si lita tatu), gia tano za mkono na uwezo wa kuendesha magurudumu yote manne. Yangu ni ya mwaka 1994. Nimesafiri nayo kilomita 2,400 kwa siku sita, tukiwa watu wawili mbele na mzigo wa takribani kilo 400 nyuma, kwenye lami, changarawe na milima. Ninaandika kwa ajili ya mtu ambaye tayari anayo pikapu ya umri huu, au anafikiria kuinunua, na anataka kujua kama inaweza kuaminiwa kwa safari ndefu. Kwa maoni yangu inaweza, ila mtu huyo aache kwanza kuuliza injini imetembea kilomita ngapi, aulize mikanda, mipira ya maji, sili na matairi yake vina umri gani.

Nianze na injini, kwa sababu ndiyo inayompa mwenye gari utulivu wa moyo. Ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,779, haina turbo, yaani kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi, na nguvu zake hazizidi sana farasi 90. Pampu yake ya dizeli inafanya kazi kimakanika, bila kompyuta, na injini ikishawaka haihitaji umeme mwingi zaidi ya ule mdogo unaoshikilia vali ya kuruhusu dizeli ipite. Kwa hiyo hata betri ikidhoofika njiani, gari linaweza kusukumwa likawaka na likaendelea. Nilipobadilisha chujio la dizeli siku ya pili, baada ya kuona gari linakosa nguvu kwenye miinuko, kazi yote ilichukua chini ya nusu saa: unafungua chujio la zamani, unafunga jipya, kisha unabonyeza pampu ndogo ya mkono iliyo juu yake mpaka iwe ngumu, ishara kwamba hewa imetoka na dizeli imefika. Sijui njia nyingine ya kumweleza mtu thamani ya gari linalotengenezeka kwa mikono yako mwenyewe kando ya barabara.

Udhaifu wa injini hii unaonekana milimani. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa inazidi kuwa nyepesi, na ukiwa na mzigo hasara hiyo unaihisi kwenye kila kona. Tulipanda sehemu ndefu kwa gia ya tatu, na mara nyingine ya pili, malori yakitupita. Anayeendesha asikanyage mafuta mpaka mwisho kwa matumaini ya kuongeza kasi. Moshi mweusi ukianza kutoka, dizeli inaingia nyingi kuliko hewa ya kuiunguza, joto linapanda na kasi haiongezeki. Nilishusha gia mapema, nikaacha injini izunguke kwa wepesi, na mshale wa joto haukuwahi kusogea juu ya katikati. Kwenye tambarare tulikaa kati ya kilomita 80 na 90 kwa saa, na huo ndio mwendo ambao gari hili linaupenda. Ukilisukuma zaidi, kelele zinawazuia kusikilizana na dizeli inakwisha haraka.

Tatizo kubwa la safari lilitokea siku ya nne, na nitalieleza kwa urefu kwa sababu wenye pikapu hizi wengi hawalifahamu mpaka liwapate. Tulikuwa tunateremka mlima mrefu kwa gia ya tatu. Taa ya chaji ikawaka. Nilidhani ni waya uliolegea. Nikakanyaga breki mara ya kwanza, ikashika kama kawaida. Mara ya pili ikashika kwa ugumu kidogo. Mara ya tatu pedali ikawa ngumu kama nimekanyaga jiwe. Gari halikuwa limepoteza breki, lakini lilikuwa limepoteza msaada wa breki, na ilinibidi nikanyage kwa nguvu za mguu mzima huku nikishusha gia hadi ya pili ili injini yenyewe ilishike gari.

Sababu ni hii. Injini ya petroli huvuta hewa kwa namna inayozalisha mvuto ambao kikuza breki, kifaa kinachoongezea nguvu mguu wako, hutumia kukusaidia, lakini dizeli ya aina hii haizalishi mvuto huo, hivyo imewekewa pampu maalumu ya kuutengeneza. Kwenye injini hii pampu hiyo imefungwa nyuma ya alteneta, mashine inayochaji betri, na alteneta inazungushwa na mkanda wa feni. Gari langu lina mikanda miwili inayokaa sambamba; mmoja ulikatika na kumtoa mwenzake kwenye puli. Kwa tukio hilo moja nilipoteza chaji, mzunguko wa maji ya kupoza, feni, na msaada wa breki. Breki mbili za mwanzo zilifanya kazi kwa sababu kikuza breki huhifadhi mvuto wa kutosha kwa mikanyago michache tu.

Mikanda ile nilikuwa nimeitazama kabla ya kuondoka, nikaona ni myeusi, mizima na haina mipasuko, nikairidhia. Nilipaswa kuipindua na kuangalia upande wa ndani, ambako mpira uliochoka hung'aa na kukakamaa. Nilikuwa na jozi ya akiba, na kwa spana namba 12 na 14 tuliifunga injini ilipopoa. Jozi hubadilishwa yote kwa pamoja, kwa sababu mkanda mpya na wa zamani haviwezi kubeba mzigo sawa, na baada ya kilomita mia chache ikazwe tena kwa kuwa mkanda mpya hulegea. Tangu siku ile nikiona taa ya chaji kwenye mteremko nashusha gia kwanza, kisha ndipo nafikiria umeme.

Kuhusu mzigo, nina onyo moja. Juu ya ekseli ya nyuma kuna vali inayopima jinsi bodi ilivyoshuka, nayo huongeza au kupunguza nguvu ya breki za nyuma kulingana na uzito. Wengi huongeza majani, yaani vipande vya chuma, kwenye springi ili pikapu isikae chini, bila kurekebisha vali hiyo. Bodi ikibaki juu, vali inaamini gari ni tupu, breki za nyuma zinapungua, na mzigo wote unasimamishwa na magurudumu ya mbele. Ukinunua pikapu iliyoinuliwa, mwombe fundi aangalie hapo kabla ya kitu kingine chochote.

Starehe ni ndogo. Springi ni ngumu, na bodi ikiwa tupu gari hurukaruka kwenye changarawe, ingawa kilo zile 400 zililituliza sana. Mgongo unachoka baada ya saa nne. Gari langu halina mifuko ya hewa wala mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga, na kwa sababu hiyo sikuendesha usiku hata siku moja na niliacha nafasi kubwa mbele yangu. Mwenye watoto wadogo nisingemshauri alitumie kwa safari ya umbali huu.

Matairi nilibadilisha kabla ya safari, ijapokuwa kashata zake, yaani meno ya mpira yanayogusa barabara, zilikuwa bado nene. Tarakimu nne zilizochapwa ubavuni huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2312 ni wiki ya 23 ya mwaka 2012, na yale yangu yalikuwa na zaidi ya miaka kumi.

Baada ya kurudi nililikagua gari lote kwa siku nzima. Injini ilikuwa imekula oili kidogo sana, difu na gia boksi zilikuwa kavu kwa nje, bila kuvuja oili, na springi zilikuwa nzima. Mpira wa chini wa rejeta, ambao ni mgumu kuufikia na ambao mafundi wawili waliniambia hauna tatizo, ulikuwa umevimba karibu na klipu kiasi cha kubonyea kwa kidole kimoja. Nimeagiza mipira yote ya maji, pamoja na kifuniko kipya cha rejeta, na gari halitatoka tena nje ya mji mpaka vyote viwe vimefungwa.