Jezi ya Mutombo namba 55, Denver, ya ugenini: uzoefu wangu

Jezi hii ya Denver Nuggets, timu ya mpira wa kikapu ya NBA, ligi kuu ya Marekani, iliuzwa kama ya mechini, yaani iliyovaliwa na mchezaji mwenyewe, msimu wa 1993–94: kampuni ya Champion, buluu iliyokolea, yenye dhahabu na damu ya mzee. Naipa nyota nne kati ya tano. Jezi ni halali. Kilichozidi chumvi ni maelezo ya muuzaji, aliyedai ndiyo ya mechi ya tano kule Seattle.

Kwa nini kila mwenye jezi ya buluu anataka iwe ya siku ile? Aprili 1994 Denver iliingia mtoano ikiwa ya nane katika kanda ya Magharibi, imeshinda 42 na kufungwa 40. Seattle ilikuwa ya kwanza, 63 kwa 19. Denver ikapoteza mbili za mwanzo, kisha ikashinda tatu mfululizo, ya mwisho 98–94 katika muda wa nyongeza. Timu ya nane haikuwahi kuitoa ya kwanza kabla ya hapo. Dikembe Mutombo, Mkongomani wa Kinshasa mwenye mita 2.18, alizuia mitupo 31 katika mechi hizo tano. Mechi ya kwanza, ya pili na ya tano zilichezwa Seattle, kwa hiyo buluu ni sahihi. Ukiletewa ile yenye majengo ya rangi za upinde wa mvua ukaambiwa ni ya mfululizo huo, rudisha: Denver iliiacha mwisho wa msimu wa 1992–93.

Ugumu ni kwamba buluu hii Mutombo aliivaa misimu mitatu, hadi alipohamia Atlanta mwaka 1996. Lebo haimalizi ubishi. Inachosaidia ni kutenganisha jezi ya mchezaji na ya dukani: nakala za bei nafuu za Champion zina namba zilizochapwa, ilhali za wachezaji zimeshonwa kwa vitambaa vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka. Pima pia kwa futi kamba, kwapa hadi kwapa, kisha shingo hadi pindo. Jezi ya mtu wa urefu ule ikiwa fupi kama yako, hapo kuna mchezo.

Sasa mgongoni, ambako ndiko kwenye kazi. Jina MUTOMBO lina M mbili na O mbili, na namba ni 5 mbili. Fundi hawezi kushona herufi mbili zikae sawasawa juu ya wavu, yaani kitambaa cha jezi chenye vitundu, kwa hiyo kila jezi ina alama zake. Kwenye hii, mguu wa kushoto wa M ya kwanza unakata kitundu katikati. M ya pili inapita pembeni mwa kitundu. Kwenye 5 ya kulia, zigizaga ya uzi imerudiwa kwenye kona ya chini, sindano ikaacha kifundo. Alama hizo nimezipata kwenye picha safi ya mechi ya msimu wa kawaida. Vitundu vinane vilivyofuatana vililingana na ukingo wa M. Kimoja au viwili ningevipuuza.

Lakini picha maarufu ya mechi ya tano inamwonyesha Mutombo amelala chali, mpira mikononi juu ya kichwa. Mgongo uko sakafuni! Na video ya enzi hizo haionyeshi vitundu. Kwa hiyo dai la Seattle halina ushahidi, na cheti cha muuzaji ni karatasi tu.

Uchakavu unaaminika. Nyuzi zilizovutwa zimejaa mabegani na kwenye matundu ya mikono, ndivyo ilivyo kwa mzuiaji anayeinua mikono huku akisukumwa. Kiunoni kuna vijidonge vya nyuzi, kwa kuwa jezi ilichomekwa na kusuguana na mpira wa bukta. Namba zimejikunja kidogo: wavu hunywea kwa kufuliwa, kitambaa cha namba hakinywei kiasi hicho. Uchakavu wa kughushi mara nyingi huwa wa msasa, umesambaa sawasawa hata pasipoguswa na mtu.

Nyota niliyoiondoa ni ya pasi. Muuzaji aliinyoosha kabla ya kuituma, moto ukaacha mng'ao kwenye ukingo wa 5 ya kushoto na kulaza mikunjo ambayo ni sehemu ya ushahidi. Jezi ya aina hii haipigwi pasi, wala haifuliwi. Usiitundike kwenye henga pia, wavu utalegea mabegani. Ilaze bapa, weka karatasi isiyo na asidi kati ya mbele na nyuma, na ukiitia fremu ishonee kwenye ubao kwa uzi wa pamba unaopita kwenye vitundu vilivyopo. Gundi na pini, hapana. Kioo kiwe cha kuzuia miale ya UV. Buluu hii hupauka kuanzia mabegani.