Mafundi wa paa walioletwa na jumuiya yetu ya wakazi, Bamburi: tathmini baada ya masika

Mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa ingali inavuma, mkutano wa jumuiya ya wakazi wa mtaa wetu uliafiki jambo ambalo tulikuwa tukiliahirisha tangu mvua za El Niño za mwisho wa mwaka 2023: kuajiri kampuni moja ya matengenezo ishughulikie nyumba zote 26 kwa pamoja kabla ya masika, badala ya kila mwenye nyumba kuhangaika kutafuta fundi wake mwezi wa Aprili, wakati mafundi wamekwisha kushikwa na bei zimekwisha kupanda. Mchango ulikuwa shilingi 18,000 kwa kila nyumba, nao uligharamia kusafisha mifereji ya paa, kukagua mabati na misumari, kuosha matangi ya maji, na kupaka rangi ukuta unaozunguka mtaa. Aliyetaka kazi ya ziada alielewana na kampuni mwenyewe. Nimengoja hadi Julai ndipo niandike, kwa kuwa kazi ya paa haiwezi kuhukumiwa wakati wa jua. Ni lazima kwanza ipitiwe na mvua ya Mei, mwezi ambao hapa Mombasa hunyesha kuliko mwezi mwingine wowote.

Nianze na kazi ya ziada, kwa sababu ndiyo iliyonigharimu zaidi na ndiyo iliyofanywa vizuri zaidi. Nusu ya nyumba yangu imeezekwa mabati, na nusu ya pili ina paa bapa la zege lenye ukubwa wa mita 40 za mraba. Paa hilo limenivujia kwa miaka minne. Mafundi watatu walikwisha kupita juu yake kwa nyakati tofauti, kila mmoja akamwaga lami ya maji katikati, akachukua ujira wake, na doa la dari ya chumba cha kulala likarudi mvua ya kwanza.

Msimamizi wa kampuni hii hakufungua debe lolote siku ya kwanza. Aliziba tundu la kutolea maji kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, akajaza maji juu ya paa hadi kina cha vidole viwili, kisha akachora mstari wa chaki kwenye ukuta mfupi wa ukingoni kuonyesha maji yalipofika. "Mama, tuyaache yalale hapa mpaka kesho," aliniambia, "halafu tutajua yanapitia wapi." Asubuhi maji yalikuwa yameshuka chini ya chaki, na dari ilikuwa imelowa karibu na feni, kama kawaida. Hata hivyo, alipofuatilia unyevu kwa kugongagonga lipu, ilidhihirika kwamba maji hayakuwa yakiingilia katikati ya paa hata kidogo. Yalikuwa yakipenya kwenye kiungo ambapo ukuta wa ukingoni unakutana na zege, yakitembea ndani kwa ndani zaidi ya mita mbili, kisha yakitokea kwenye tundu la waya wa feni. Miaka minne nilikuwa nikilipia kutibiwa mahali pasipouma.

Walichimbua kiungo hicho chote, wakakijaza saruji na kuifanya kona yake iwe na mteremko, kwa kuwa karatasi ya lami ikikunjwa kwenye kona kali hupasuka. Baada ya kukauka, walipaka lami nyepesi ya kushikia, kisha wakabandika karatasi kwa moto wa gesi, kila kipande kikilala juu ya mwenzake kwa upana wa sentimita 10 na kupanda ukutani hadi juu ya kiwango ambacho maji yanaweza kufika. Walipomaliza walijaza maji tena, wakachora chaki tena, na safari hii mstari haukuachwa na maji ila kiasi kidogo ambacho jua lilikausha. Nililipa shilingi 1,500 kwa kila mita ya mraba, yaani 60,000, nusu ikiwa arubuni. Si bei ya chini. Mei yote dari ilikuwa kavu.

Kazi ya mifereji nayo ilistahili mchango wake. Tunaoishi karibu na bahari tunajua kwamba majani ya mwarobaini huziba mifereji, lakini wengi wetu hatukuwa tumefikiria kunguru. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu, waliotoka Bara Hindi na kuitawala pwani yetu, hupenda kujengea viota kwa waya, na katika mfereji wangu vijana wa kampuni walitoa fungu la nyaya za kufungia nondo lililokuwa limeshikana na majani na kutu, chini yake maji meusi yaliyojaa viluwiluwi vya mbu. Katika mji ambao umepata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2013 na 2017, maji ya namna hiyo juu ya kichwa cha mtu si jambo la kupuuza. Mifereji iliyokuwa imelala waliinua upande mmoja ili maji yateremke, na hawakuondoka kabla ya kumwaga ndoo moja upande wa juu na kuitazama ikifika kwenye bomba.

Kwenye mabati walibadilisha misumari iliyoliwa na chumvi, wakatia skurubu zenye mpira. Kuosha matangi kulikuwa kazi ya kawaida: walisugua, wakasuuza, wakarudisha vifuniko.

Sasa malalamiko. La kwanza ni uchafu. Matope na majani yote yaliyotolewa kwenye mifereji ya nyumba 26 yalitupwa ndani ya mtaro wa nje, mkabala na lango. Mvua kubwa ya kwanza ilipofika, lango likageuka bwawa, na mlinzi wetu akalazimika kuvua viatu ili kufungulia magari. Mwenyekiti aliwapigia simu mara tatu kabla hawajaja kuyazoa. Watu wanaopima maji kwa chaki juu ya paa wangeweza kukumbuka kwamba maji hayo lazima yaende mahali fulani.

La pili ni zito zaidi, nalo ni ukuta wa mtaa. Ni ukuta wa mawe ya matumbawe uliopigwa lipu ya saruji, na sehemu yake ya chini daima ina unyevu na unga mweupe wa chumvi. Baadhi yetu tulisema wazi, mbele ya msimamizi, kwamba ukuta ukaushwe na chumvi ibrashiwe kwanza. Walipaka rangi ya plastiki juu ya unga ule ule, siku mbili, wakamaliza. Saruji na rangi ya aina hiyo huufungia unyevu ndani ya jiwe. Chumvi nayo ikikauka nyuma ya rangi huisukuma mpaka ibambuke. Wazee wetu walijenga kwa matumbawe na kuyapiga chokaa, ambayo huacha ukuta upumue, na yeyote anayetaka mfano anaweza kutembea Mji wa Kale. Kufikia katikati ya Juni rangi ilikuwa ikianguka vipande vipana kama maganda ya muhogo. Kampuni inasema dhamana yake ya miaka mitano ni ya paa peke yake, na ukisoma mkataba, ni kweli. Kosa hilo ni letu sisi tuliotia sahihi.

Jumuiya itakutana Septemba kuamua juu ya matayarisho ya vuli. Nitaunga mkono kampuni irudi kwa mapaa na mifereji, kwa sharti kwamba uzoaji wa taka uandikwe ndani ya mkataba na sehemu ya mwisho ya malipo izuiwe mpaka mtaro ukaguliwe. Ukuta apewe fundi anayejua chokaa. Kwa sasa umeachwa kama ulivyo, juu rangi ya maziwa, chini kijivu, na watoto wa mtaa wamegundua kwamba vipande vilivyobambuka vinafaa kuchorea mistari ya mchezo wa kuruka barabarani.