Fomapan 100 chini ya jua la Mtwara: uzoefu wangu na mkanda wa bei nafuu

Kama unaishi Mtwara, Lindi au Masasi na una kamera ya mkanda kabatini, ya baba au ya mjomba, na unajiuliza uanze na mkanda gani wa picha nyeusi na nyeupe, jibu langu ni Fomapan 100. Usiuchukue kwa sababu ya bei peke yake. Uchukue kwa sababu jua letu ni kali na nyuso zetu ni nyeusi, na mkanda huu, ukipewa mwanga wa kutosha, unaziheshimu nyuso hizo kuliko mikanda mingine ya bei yake niliyowahi kutumia.

Unatengenezwa na Foma Bohemia, kiwanda cha mji wa Hradec Králové katika Jamhuri ya Czech, kilichoanza mwaka 1921. Ulaya mkanda mmoja wa picha 36 huuzwa kati ya euro 5 na 7, chini ya mikanda maarufu kama Ilford HP5 Plus au Kodak Tri-X. Hapa kwetu hakuna duka linaloupanga rafuni. Wangu huja na ndugu anayesafiri, ukishafika Dar es Salaam unapanda basi mpaka Mtwara. Mpe huyo ndugu maelekezo mawili: asiuweke kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, na kwenye basi akae nao miguuni, asiuache kwenye buti lenye joto. Ukifika, unaingia kwenye friji. Ukiutoa, uache saa kadhaa bila kufungua kikopo chake, la sivyo unyevu wa pwani utaganda juu ya mkanda wenyewe.

Sasa tuzungumzie mwanga, maana hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa wakasingizia mkanda. Mtwara iko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Karibu tarehe 20 Oktoba, na tena karibu tarehe 20 Februari, jua la adhuhuri linakuwa utosini kabisa. Macho yanakuwa mashimo, paji la uso linang'aa, chini ya kidevu ni usiku. Ongeza kuta nyeupe za Mikindani zinazorudisha mwanga, ongeza kanzu nyeupe ya Ijumaa, halafu muweke mzee mweusi tii katikati. Kipima mwanga cha kamera kinachukua wastani wa vyote hivyo na kuufanya kijivu cha katikati. Kinaona weupe mwingi, kinaamuru mwanga upunguzwe, na uso wa mzee unazama. Baadaye unaambiwa kwamba mtu mweusi "hatoki vizuri". Anatoka vizuri sana, ila mpigaji ndiye aliyepima ukuta.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Naweka namba ya ISO ya kamera (inayoiambia mkanda unahitaji mwanga kiasi gani) kwenye 50, ingawa kwenye boksi imeandikwa 100. Mikanda ya Foma inajulikana kwa kuhitaji mwanga zaidi ya namba yake, na vivuli ndivyo vya kwanza kulalamika ukiubana. Kisha namsogelea mtu mpaka uso wake unajaza kioo, napima hapo hapo, halafu napunguza stopu moja, yaani mwanga kwa nusu, kwa sababu kipima mwanga kikiona uso mweusi peke yake kinataka kuufanya wa kijivu. Narudi nyuma, napanga picha yangu, sigusi tena namba. Kwa jua la wazi la saa nne asubuhi hiyo hunipeleka karibu na shata ya 1/125 ya sekunde na tundu la lenzi la f/11. Kama kamera yako haina betri, au kipima mwanga chake kimekufa, anzia hapo hapo na utapata picha. Natumia Pentax K1000, kamera ya chuma ambayo shata yake haihitaji umeme wowote.

Mtihani niliouamini zaidi ulikuwa kwa mchongaji wa Kimakonde, kibarazani kwake. Mpingo ukishapigwa msasa na kung'arishwa ni mweusi kuliko kitu chochote utakachokutana nacho, na una vimulimuli vya jua kwenye kila mviringo. Ukikosea kidogo unapata bonge jeusi lisilo na umbo. Kwenye Fomapan 100 iliyowekwa 50 nilipata mikunjo ya sanamu, alama za patasi upande ambao haujasuguliwa bado, na mikono ya mzee yenye vumbi la mbao juu yake, kila kimoja na weusi wake. Weusi wa ngozi haukuchanganyika na weusi wa mpingo. Kwa mkanda wa bei hii, hilo lilinifurahisha mno. Punje zake, zile chembe zinazounda picha, zinaonekana, si laini kama za mikanda ya kisasa ya bei ya juu, lakini kwenye ngozi ya mzee na kwenye kuta za matumbawe punje hizo zinakaa mahali pake. Picha zina sura ya zile za zamani za studio.

Nimejaribu pia Fomapan 400 na Kentmere 400, na hapa sitakaa sana. Fomapan 400 kwangu ni mkanda wa 200. Ukiuamini kwenye 400 vivuli vinakuwa vyembamba. Kentmere 400 inatengenezwa na Harman Technology, Mobberley, Uingereza, kiwanda kile kile cha mikanda ya Ilford, na kwa jioni au ndani ya nyumba naichagua hiyo bila kusita. Nimeipiga Lindi, kwenye kivuko cha kwenda Kitunda jua likiwa limekwisha kuzama, na nyuso za abiria zilisomeka. Mchana lakini, kwenye kamera ambayo shata yake inaishia 1/1000, mkanda wa 400 unakulazimisha kufunga tundu la lenzi mpaka f/11 au zaidi kutwa nzima, na huwezi tena kumtenga mtu na fujo iliyo nyuma yake. Hiyo ni sababu nyingine ya kupendelea 100 huku kwetu.

Onyo moja kwa wanaopenda tripodi: Fomapan 100 inachoka haraka gizani. Kwa maelezo ya kiwanda chenyewe, kipima mwanga kikisema sekunde 1 unatakiwa utoe 2, kikisema sekunde 10 unatakiwa utoe 80. Kwa taa za mashua kwenye ghuba usiku, hesabu hiyo uiandike kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani.

Tuje kwenye kusafisha, yaani kuitoa picha kwenye mkanda kwa dawa. Hapa Mtwara hakuna wa kumpelekea mkanda mweusi-mweupe, unasafisha mwenyewe, na maelekezo yote yaliyoandikwa kwenye chupa za dawa yanadhani una maji ya nyuzi 20. Maji ya bomba kwangu ni nyuzi 28 mchana, na usiku hayashuki sana. Kushuka hadi 20 na kubaki hapo ni vita ya kupoteza barafu. Mimi nalenga 24. Naweka chupa za dawa, fiksa (dawa ya pili, inayofanya picha isiharibiwe tena na mwanga) na maji ya kusuuzia zote ndani ya beseni moja, nazungushia mifuko ya barafu ya dukani, na nangoja mpaka zote zisome sawa. Kusoma sawa ni muhimu kuliko namba yenyewe, maana mkanda ukitoka kwenye dawa ya baridi ukaingia maji ya moto, utando wake unakunjamana.

Joto linafupisha muda, na muda ukiwa chini ya dakika 5 unapata michirizi kwa sababu dawa haijasambaa sawasawa. Kwa hiyo napunguza nguvu ya dawa. Natumia Rodinal, dawa iliyoanzia Ujerumani mwaka 1891 na ambayo leo inauzwa pia kwa jina la R09. Sifa yake kubwa kwa mtu wa mikoani ni kwamba chupa ikishafunguliwa inadumu miaka, haiharibiki baada ya miezi michache kama dawa nyingi. Mililita 5 ndani ya nusu lita ya maji, nyuzi 24, dakika 12, natikisa taratibu mara moja kila dakika. Vivuli vinapata muda wa kutosha kukomaa, na kanzu nyeupe haiungui. Chupa ndogo inasafisha mikanda mingi ajabu.

Kuingiza mkanda kwenye spuli ya tangi la kusafishia ndani ya mfuko wa giza ufanye alfajiri. Mchana mikono inatoa jasho ndani ya ule mfuko, spuli ya plastiki inanata, na mkanda unakwama nusu ya safari.

Kuna njia ya pili ambayo imenivutia sana, kwa sababu karibu kila kitu kinapatikana hapa hapa: kusafisha kwa kahawa. Ilibuniwa mwaka 1995 na darasa la Scott Williams katika Rochester Institute of Technology, Marekani. Mchanganyiko ninaoutumia mimi, kwa lita moja ya maji, ni gramu 54 za soda (sodiamu kaboneti, si ya kunywa), gramu 16 za vitamini C na gramu 40 za kahawa ya kuyeyuka. Kahawa ni Africafe ya dukani. Vitamini C tafuta ya unga. Vidonge vya duka la dawa vina rangi na sukari ndani yake. Soda ndiyo inayowachanganya watu. Magadi ya kupikia makande hayafai yalivyo, kwa kuwa yana bikaboneti ndani yake. Unayotaka ni soda ya watengeneza sabuni, ile ya unga mweupe mkavu. Usichanganye na kostiki, hiyo inaunguza ngozi. Maelekezo ya mchanganyiko huu ni dakika 15 kwa nyuzi 20. Kwa 24 mimi nakaribia 10. Negativu inatoka na rangi ya kahawia hafifu, na mwanga unatulia vizuri kwenye mawingu. Kwa mkanda wa 100 nimeridhika nayo. Kwa Kentmere 400 ilileta ukungu mwingi, narudi kwenye Rodinal. Fiksa haina mbadala wa jikoni ninaouamini, hiyo agiza pamoja na mikanda.

Utando wa Foma ni laini ukiwa umelowa, na maji ya uvuguvugu yanauzidishia ulaini. Usiupanguse kwa vidole wala kwa kitambaa. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya chupa yenye tone moja la sabuni ya vyombo, tundika bafuni baada ya kumwaga maji sakafuni ili vumbi litulie, ufunge mlango uondoke. Upepo wa kusi ukiwa mkali funga na dirisha.

Kuskani nafanya kwa kamera ya kidijitali juu ya taa nyeupe, na simu nzuri inaweza kukutosha kwa kuanzia. Kuchapa ndiko kugumu. Studio moja niliyoipelekea faili zangu ilizichapa kwenye karatasi ya rangi na zikatoka na ukijani. Nikawaomba wachape kwanza kipande kidogo cha majaribio, tukarekebisha pamoja mpaka kijivu kikawa kijivu. Omba hivyo tangu mwanzo, na uwe tayari kulipia kile kipande.

Usiache kuchapa, hata hivyo. Mikindani, hatua chache kutoka boma lile la Wajerumani la mwaka 1895, nilimpiga picha babu mmoja anayeshona nyavu barazani.

"Shikamoo babu. Naomba nikupige picha."

"Marahaba. Utanipa?"

"Nitakuletea."

"Ya karatasi? Maana za simu mnazipiga, mnaondoka nazo."

Nilimpelekea ya karatasi. Akaingia ndani, akarudi na picha ya baba yake iliyopigwa studio, nyeusi na nyeupe, kingo zimeliwa. Akaziweka mbili hizo juu ya goti, akaniuliza kama mimi ndiye niliyezitengeneza zote. Weusi wa baba na weusi wa mwana ulikuwa wa namna moja. Hakuna picha ya simu yangu ambayo ingekaa pale pembeni ya ile ya zamani namna hiyo, na hii ilitoka kwenye mkanda wa bei nafuu.

Kwa hiyo oda yangu inayofuata si ya mikanda moja moja. Fomapan 100 inauzwa pia kwenye roli ya mita 30.5, ambayo unajikatia mwenyewe gizani na kujaza vikopo, ukapata karibu mikanda 18 ya picha 36. Gharama ya kila mkanda inashuka, na mzigo wa msafiri unakuwa kopo moja tu. Utahitaji mashine ndogo ya kujazia na vikopo vinavyofunguka tena. Kama mpo watatu au wanne mjini wenye kamera, changeni mnunue roli moja na chupa moja ya Rodinal, na fiksa ya kutosha, kwa sababu fiksa ndiyo itakayowaishia kwanza.